Kipimo na Mpimaji

Watu wengi huamini kuwa kipimo hakisemi uongo. Mimi nami niliamini hivyo kwa miaka mingi, nikafundisha hivyo darasani, na kama nisingalinunua mtambo wa kukatia mbao kwa mwanga ningalikufa na imani hiyo. Juu ya meza ninayoandikia insha hii ziko rula mbili. Ya kwanza ni rula ya mbao ya kukunja niliyoachiwa na marehemu baba yangu, ambaye alikuwa seremala. Ya pili ni rula ya sentimita thelathini iliyokatwa katika karakana yangu mwenyewe. Ya kwanza imepungua mwanzoni mwake tu. Ya pili ni ya uongo tangu mwanzo hata mwisho, na uongo wake ulizaliwa na upungufu wa ile ya kwanza. Jinsi rula moja ilivyoiharibu nyingine, na jinsi mimi nilivyomwadhibu mtu asiye na kosa kwa uharibifu huo, ndiyo habari ninayotaka kumweleza msomaji.

Nilipostaafu kazi ya kufundisha hesabu niliogopa uvivu kuliko nilivyoogopa umaskini. Kwa kuwa nilikulia katika karakana ya baba yangu mjini Tanga, na harufu ya mbao iliyoranda upya ilikuwa haijanitoka puani, nilitoa sehemu ya kiinua mgongo changu nikanunua mtambo mdogo wa leza. Meza yake ilikuwa na milimita 400 kila upande. Nikamwajiri kijana mmoja wa jirani, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na mwenye akili nyepesi katika mambo ya kompyuta, tukaanza kukata vibao vya milangoni, herufi za matangazo, na fremu za picha. Yeye aliniita Mwalimu, nami nilimwita mwanangu. Sikujua wakati ule kuwa neno la upole huweza kufunika dharau, kama zulia zuri linavyofunika sakafu mbovu.

Kwa wale wasiopata kuona mtambo wa namna hii, yatosha kusema kuwa una kichwa kimoja kitoacho mwanga mwembamba wenye joto la kuunguza, na mota zinazokivuta kichwa hicho kwa mikanda yenye meno. Mota moja hukipeleka kushoto na kulia, nyingine hukipeleka mbele na nyuma. Mwanga wa leza ulitolewa kwa mara ya kwanza na Theodore Maiman huko California mwaka 1960. Na mwaka 1964 Kumar Patel, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, akagundua leza ya hewa ya kaboni ambayo hata leo hukata mbao, ngozi na nguo katika viwanda vingi. Lakini elimu inayoongoza kichwa cha mtambo ni kongwe kuliko mwanga wenyewe. René Descartes, alipochapisha maandishi yake ya jiometri mwaka 1637, alifungua njia ya kueleza mistari na maumbo kwa namba. Mihimili miwili ikishawekwa, mmoja ukienda kando na mwingine ukienda mbele, kila nukta ya ubao hupata namba zake mbili, na mchoro mzima hugeuka hesabu.

Mihimili hiyo haina macho. Kabla mtambo haujaweza kutii, programu inayouongoza humtaka mwenye mtambo ajibu maswali matatu. Mwanzo uko wapi? Namba hizi ni za kipimo gani? Na katika kila kipimo kimoja mota zikanyage hatua ngapi? Maswali haya yameandikwa katika kurasa za mipangilio kwa maneno makavu, na watu wengi huyajibu kwa haraka kama msafiri ajibuvyo karani wa mpakani. Nami niliyajibu hivyo. Niliyakosea yote matatu, moja baada ya jingine, na kila kosa lilinifunza jambo ambalo miaka thelathini ya ubao na chaki haikunifunza.

Swali la kwanza ni la mwanzo. Programu huonyesha picha ya meza yenye pembe nne, na mwenye mtambo huchagua pembe ambayo ndiyo sufuri: ya mbele kushoto, ya mbele kulia, ya nyuma kushoto au ya nyuma kulia. Siku ya kwanza nilisimama nyuma ya mtambo, kwa sababu waya wa umeme ulikuwa upande huo, nikatazama kichwa kilipotulia. Mbele na nyuma sikukosea, kwa kuwa mbele palikuwa na swichi. Lakini pembe ile ilikuwa mkono wangu wa kulia, basi nikaandika kuwa mwanzo ni mbele kulia. Kibao cha kwanza tulichokata kilikuwa na neno KARIBU, nalo likatoka limegeuka, R ikitazama kushoto na K imeupa mlango kisogo. Mtu angeweza kulisoma vyema ndani ya kioo tu.

Kijana alicheka, kisha akajizuia kwa adabu. Akazunguka meza, akasimama mbele ya mtambo, akasema, "Samahani, Mwalimu. Mkono wa kulia huo ni wa nani? Ni wako au ni wa mashine?" Swali hili lilikuwa jepesi nalo lilikuwa na uzito. Mtambo ulikuwa na mbele yake na kulia kwake, nami nilikuwa nimeuvika kulia kwangu. Tulibadili neno moja katika mipangilio, tukaandika mbele kushoto, na KARIBU ya pili ikamkaribisha mgeni kama ipasavyo.

Sisi tusemao Kiswahili tungepasa kulielewa jambo la mwanzo kuliko watu wengine, maana tumeishi nalo katika saa zetu. Jua linapochomoza tunaanza kuhesabu, na baada ya saa moja kupita twasema ni saa moja. Mwingereza aliyesimama kando yetu, akitazama mishale ile ile, asema ni saa saba. Hakuna kati yetu asemaye uongo, wala saa haikuharibika. Yeye ameweka sufuri yake katikati ya usiku, sisi tumeiweka alfajiri, na tofauti ya saa sita iliyo kati yetu haikui wala haipungui mchana kutwa. Ajuaye tofauti hiyo hufika mkutanoni kwa wakati; asiyeijua huukuta mlango umefungwa. Kosa la mwanzo, basi, ni kosa la kujumlisha na kutoa. Ni lile lile pale penye kidogo na pale penye kingi, na aliyelitambua hulisahihisha kwa namba moja. Naomba msomaji alishike neno hili, maana nitalihitaji tena.

Swali la pili ni la kipimo chenyewe. Baba yangu na mafundi wa zamani walipima kwa viungo vya mwili: shibiri mbili zikafanya mkono, mikono miwili ikafanya wari, na wari mbili zikafanya pima. Kipimo hicho kilikuwa na hekima yake, kwa kuwa hakuna fundi aliyesahau mkono wake nyumbani. Lakini kilikuwa na ugomvi wake pia, kwa kuwa mikono ya watu hailingani. Baadaye ikaja inchi, na inchi nayo haikutulia hata makubaliano ya mwaka 1959, yaliyoifanya kuwa milimita 25.4 kamili kwa mataifa yaliyoitumia. Leo tunanunua mbao kwa futi na inchi, tukarudi karakanani tukachora kwa milimita, na kati ya maneno hayo mawili pana shimo ambalo wengi wameanguka.

Shimo hilo nililijua wakati mteja mmoja aliponiletea mchoro uliohifadhiwa katika faili ambalo mara nyingi hubeba namba bila ya jina la kipimo chake. Katika faili upana uliandikwa 8 tu. Nane gani? Mteja alikuwa na maana ya inchi, nami nilikuwa nimeiamuru programu isome milimita, na mchoro wa kupamba sanduku ukaingia kiooni mdogo kama punje ya mchele. Kosa kubwa namna hiyo lina huruma, kwa sababu hujitangaza lenyewe. Lisilo na huruma ni kosa la mwendo. Mitambo mingine huhesabu mwendo kwa milimita katika sekunde, mingine kwa milimita katika dakika. Aliyekusudia kumi kwa sekunde akaandika kumi kwa dakika atakuta kichwa kinatambaa polepole mara sitini kuliko alivyotaka, na mwanga unaotakiwa kupita juu ya mbao hukaa juu yake mpaka moto ukawaka. Ndiyo maana mtambo wa leza hauachwi peke yake hata kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Wala makosa haya si ya mafundi wa vichochoroni peke yao. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada ilikwisha mafuta angani, kwa kuwa yaliyotakiwa kuwa kilo 22,300 yalikuwa yamehesabiwa kwa ratili. Marubani wakaiteremsha bila injini katika uwanja wa zamani huko Gimli, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilichopelekwa na Marekani kuizunguka sayari ya Mirihi kilipotea, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, na nyingine ikazipokea kama vipimo vya metriki. Namba zenyewe zilikuwa sahihi. Zilichokosa ni jina la ukoo. Namba isiyo na jina la kipimo chake ni kama mtoto aliyeokotwa sokoni: kila amwonaye humdhania kuwa wa nyumba anayoijua yeye.

Sasa nafika kwenye swali la tatu, ambalo ndilo lililoniletea aibu. Mota za mtambo wangu haziendi kwa mtiririko kama maji. Huenda kwa hatua. Mzunguko mmoja wa mota una hatua 200, na kifaa kinachoiendesha hugawa kila hatua mara 16, ndipo zikawa 3,200. Gurudumu lililo juu ya mota lina meno 20, na kutoka jino hata jino la mkanda ni milimita 2. Hivyo mzunguko mmoja huvuta kichwa milimita 40. Ukigawa 3,200 kwa 40 wapata 80. Hatua themanini kwa kila milimita moja. Namba hii huandikwa katika programu ndogo iitwayo GRBL, inayokaa ndani ya ubongo wa mtambo, katika mstari wenye alama ya dola na namba 100 kwa mhimili wa kwanza, na 101 kwa mhimili wa pili. Mtambo wangu ulikuja ukiwa na 80 katika mistari yote miwili.

Lakini mimi nilikuwa nimesoma kuwa fundi mwangalifu hasadiki namba za kiwandani mpaka azijaribu kwa mkono wake. Neno hilo ni jema. Njia yake ni hii: uamuru mtambo uende milimita mia, upime umbali uliokwenda kwa kweli, kisha uchukue namba ya hatua iliyopo, uizidishe kwa umbali ulioamuru, na uigawe kwa umbali uliopima. Nikachora mstari wa milimita mia kwenye kipande cha plaiwudi. Nikatoa sandukuni rula ya baba yangu, kwa fahari ya mtu anayeunganisha zamani na sasa. Nikaiweka ncha yake mwanzoni mwa mstari. Ikasoma 101.

Nilizidisha themanini kwa mia, nikagawa kwa mia na moja, nikapata 79.21. Kijana alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Mwalimu, hesabu ya meno yatoa themanini kamili. Mkanda waweza kulegea kidogo, lakini kidogo hicho hakifiki milimita nzima katika mia. Tungetafuta rula ya chuma kwanza?" Nikamjibu kuwa rula hiyo ilijenga milango ya nusu ya mtaa kabla mama yake hajazaliwa. Hakusema tena. Niliandika 79.21 katika mhimili wa kwanza, nikachora mstari mpya, nikaupima kwa rula ile ile, nao ukasoma mia kamili. Niliridhika kama hakimu aliyemwuliza shahidi mmoja mara mbili akadhani amesikia mashahidi wawili.

Wiki mbili baadaye shule moja ya sekondari ilituagiza rula sitini za mbao za sentimita thelathini kwa ajili ya wanafunzi wasioweza kununua. Kazi hiyo niliipenda kuliko zote zilizotangulia. Nilikuwa nimewafundisha watoto kupima kwa miaka thelathini, na sasa nitawapa kipimo chenyewe mikononi mwao. Kijana alichora mistari kwa uangalifu, milimita kwa milimita, akaziandika namba kwa herufi safi. Akakumbuka hata upana wa mkato, maana mwanga nao hula mbao kidogo pande mbili za mstari wake. Tulizikata kwa siku mbili. Nilipokagua, nilipima sentimita kumi za kwanza kwa rula ya baba, zikalingana kabisa. Tukazifunga, tukazipeleka.

Siku ya nne mwalimu wa hesabu wa shule ile alikuja karakanani, ameshika rula yetu moja na karatasi moja nyeupe ya A4. Alikuwa mtu mpole, na upole wake uliniumiza kuliko matusi. Alisema kuwa mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza alipima karatasi kwa rula hii akapata urefu wa sentimita 30 barabara, na upana wa sentimita 21 na milimita mbili. Mwanafunzi mwingine, aliyekuwa na rula ya dukani, akapata 29 na milimita saba kwa 21. Watoto wakabishana. Ndipo mwalimu akaenda ofisini, akachukua rula ya chuma, akakuta kuwa aliyekosea ni yule aliyepima kwa kipimo chetu. Karatasi ya A4 ina milimita 297 kwa 210 duniani kote. Rula yetu ya milimita 300 ilikuwa na milimita 297 tu, nayo ilikuwa imemfanya mtoto mkweli aonekane mwongo mbele ya wenzake.

Nawiwa kukiri nililolifanya baada ya hapo, kwa kuwa insha hii haina maana bila ya ungamo hilo. Sikuuliza. Sikupima. Nilimgeukia kijana mbele ya mgeni yule, nikasema kuwa ameuvuta mchoro kwa kipanya. Nilikuwa na sababu ya kudhani hivyo, na sababu yangu ilikuwa hii: katika wiki yake ya kwanza, miezi saba iliyopita, aliwahi kuvuta mchoro mmoja kwa bahati mbaya, duara likawa yai. Alilikiri kosa hilo siku ile ile, akalisahihisha, wala halikurudi tena. Lakini mimi nilikuwa nimelihifadhi. Nikalitoa mbele za watu, nikasema kuwa ndivyo alivyo, na kwamba mtu asiyejali kipimo hafai katika nyumba ya kipimo. Nikamwambia asirudi kesho. Aliniangalia kwa muda mrefu. Kisha akafuta meza ya mtambo kwa kitambaa, kama alivyokuwa akifanya kila jioni, akaniambia, "Kwaheri, Mwalimu," akaenda zake.

Nilikaa siku kadhaa nikijaribu kukata rula sitini nyingine peke yangu. Nilichora mwenyewe, sikugusa kipanya baada ya kuandika 300, nami niliona kwa macho yangu namba 300 katika kioo. Rula ikatoka. Nikailinganisha na karatasi ya A4, zikalingana. Nikakata ya pili, ikawa vivyo hivyo. Hapo jasho lilinitoka, maana hapakuwa na kijana wa kumlaumu.

Niliazima rula ya chuma kwa mwalimu yule, nikailaza kando ya rula ya baba yangu. Niliziweka ncha zao pamoja, nikaona kuwa alama ya kumi ya rula ya baba haikufika kwenye alama ya kumi ya chuma. Ilikuwa nyuma kwa milimita moja. Nikatazama alama ya ishirini: milimita moja ile ile. Ya thelathini: milimita moja. Nikaigeuza rula, nikaitazama ncha yake kwa miwani. Rula zile za zamani zilifungwa kofia nyembamba ya shaba katika ncha zake ili mbao isilike. Kofia ya upande wa sufuri ilikuwa imeng'oka, sijui mwaka gani, na alama ya matundu mawili ya misumari midogo ilionekana bado. Baba yangu bila shaka alijua. Sasa nilikumbuka, kama mtu akumbukavyo wimbo wa utotoni, kuwa sikupata kumwona akipima kuanzia nchani. Daima aliweka kidole kwenye alama ya kumi, akaanzia hapo, na mwisho akatoa kumi. Nilidhani ni mazoea ya mzee. Yalikuwa elimu, nami nilirithi rula nikaiacha elimu yake.

Hapa ndipo ninapolihitaji lile neno nililomwomba msomaji alishike. Rula ya baba ilikuwa na kosa la mwanzo. Kosa hilo lilikuwa la milimita moja, katika sentimita kumi na katika mita nzima, na mtu aliyelijua angeweza kulitoa na kuendelea na kazi yake kwa amani. Mimi nilifanya nini? Nililichukua kosa hilo lililokuwa limelala mahali pamoja, nikaligawa kwa mia, nikaliandika katika mhimili kuwa ni kiwango. Nikaliondoa katika hesabu ya kutoa nikalitia katika hesabu ya kuzidisha. Tangu siku hiyo halikuwa tena milimita moja. Lilikuwa moja katika mia, tatu katika mia tatu, na kama mtambo ungekuwa na meza ya mita kumi lingekuwa milimita mia karibu nzima. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba cha uongo. Nami sikupata dalili yoyote, kwa kuwa nilikagua pale pale nilipokosea, kwa chombo kile kile kilichonikosesha, na katika sentimita kumi za kwanza makosa hayo mawili yalifutana na kupeana mikono.

Ningalipima kuanzia alama ya kumi, ningaliona ukweli. Ningalipima umbali mrefu badala ya mfupi, kosa la ncha lingalikuwa dogo katika mgawanyo. Ningalimsikiliza kijana aliyehesabu meno ya gurudumu, nisingalihitaji kupima kabisa, kwa kuwa meno hayafanyi hila: ama ni ishirini, ama si ishirini, na namba itokanayo na kuhesabu ina haki ya kuitaka namba itokanayo na kupima ijieleze. Hayo ni mafunzo ya karakana, nami nayaandika kwa faida ya kila ashikaye mtambo.

Lakini nilipokuwa nimeketi mbele ya rula zile mbili niliona kuwa mtambo nilikuwa nimeufanyia ubaya mmoja, na kijana nilimfanyia ubaya ule ule. Naye alikuwa na kosa moja la mwanzo. Lilitokea wiki ya kwanza, lilikuwa na ukubwa wake, na lilikuwa limepita. Mimi nililigeuza kiwango. Nilizidisha kwalo kazi zake zote za miezi saba, na kila alichokifanya kikatoka pungufu machoni pangu, si kwa kuwa kilikuwa pungufu bali kwa kuwa namba niliyomwekea ilikuwa 79.21. Nyani haoni kundule. Sikumpima mtu yule hata mara moja kwa rula ya chuma. Nilimpima kwa ncha yangu iliyong'oka kofia, na ncha hiyo yaitwa kiburi.

Jioni ile nilivaa kanzu nikaenda nyumbani kwao. Mama yake alinipokea kwa heshima nisiyoistahili, akanipa kiti, akamwita mwanawe. Alikuja, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia. Nilikuwa nimetunga maneno mengi njiani, na yote yalinipotea. Nikatoa rula ya baba yangu mfukoni, nikamwonyesha matundu mawili ya misumari. Aliitazama, akapitisha ukucha wake juu ya ncha, akatambua yote bila ya mimi kueleza. Nikamwambia mbele ya mama yake kuwa nilimkosea, kuwa alinionya nami sikusikia, na kuwa nitakwenda shuleni kumwambia mwalimu yule maneno hayo hayo, kwa kuwa nilimvunjia heshima mbele yake na haifai kuirudisha faraghani.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya adabu, "Msamaha nimeutoa, Mwalimu, nao hauna deni. Lakini siku tisa zangu je?" Mama yake alitaka kumkemea, nami nilimzuia. Swali hilo lilikuwa la haki kuliko machozi yangu. Majuto ni kitu cha moyoni na kila mtu huyapima apendavyo; siku tisa ni siku tisa, na zina namba na jina la kipimo chake. Nilimlipa ujira wa siku tisa pale pale, bila kupunguza, nikaona kuwa ndiyo mara ya kwanza kwa muda mrefu nimempa kipimo kamili.

Kesho yake alikuja karakanani. Akafungua dirisha la amri, akaandika alama ya dola, namba mia, alama ya usawa, na themanini. Akaamuru mstari wa milimita 300, tukaupima kwa rula ya chuma kuanzia alama ya kumi, mara mbili, yeye mara moja nami mara moja. Tulikata rula sitini mpya bila ya malipo, tukazipeleka pamoja, na nilisema shuleni niliyoahidi kuyasema. Zile za uongo tulizirudisha tukazivunja, isipokuwa hii moja iliyo mezani. Yeye sasa ana karakana yake upande wa pili wa mji, na akinipigia simu huniuliza kwanza habari za afya, kisha habari za mihimili.

Kofia ya shaba ya rula ya baba sikuirudishia. Fundi mmoja alitaka kunitengenezea nyingine, nikakataa kwa shukrani. Rula hiyo ni ya kweli katika mwili wake wote, ila mwanzoni mwake, nami hupima kwayo mpaka leo: naweka kidole kwenye alama ya kumi, naanzia hapo, na mwisho natoa kumi.